Mpaka Utepe Ukatwe

Alianza na kiti cha kwanza kushoto, kwa sababu kilikuwa karibu na dirisha na ndicho kilichoshika vumbi kuliko vingine. Alichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua mpaka kikaacha kudondosha, ndipo akapangusa nailoni iliyokifunika kiti: kwanza pa kulaza kichwa, kisha mgongo, kisha pa kuegemeza mikono, mwisho pa kunyooshea miguu. Maji hayakuwa na sabuni. Sabuni iliacha ukungu, na katibu wa hospitali alitaka mtu akisimama mlangoni aione rangi ya kiti, ile buluu yake, kana kwamba hakuna kilichoifunika.

Alikuwa anapumua kwa pua. Meno ya juu na ya chini yalikuwa yamekaribiana na hayakutaka kuachana. Katikati ungepitisha ncha ya kidole cha mwisho, si zaidi. Kulia, nyuma kabisa ya taya, gego la mwisho lilikuwa limejaribu kuota, likakosa nafasi, likalala ubavu chini ya ufizi na kuanza kutunga usaha humo humo. Shavu lilikuwa limejaa mpaka jicho la upande huo likawa dogo. Kila alipoinama maumivu yalimpanda hadi sikioni. Alisubiri kidogo, mkono ukiwa umeshika mgongo wa kiti, kisha akaendelea.

"Mama Deki."

Hospitali nzima ilimwita hivyo, kuanzia mganga mkuu hadi wapishi, naye aliitika. Katibu alikuwa amesimama mlango wa nyuma, amevaa suti yake ya shughuli, ile iliyoshonwa kabla hajanenepa.

"Hapo pa kuegemeza mkono. Kuna alama ya kidole."

"Naiona, bosi."

"Ya nani?"

"Si yangu. Mimi huvigusa kwa kitambaa."

"Basi ifute. Leo ndiyo leo."

Aliifuta. Katibu aliinamisha kichwa, akatazama nailoni dhidi ya mwanga wa dirisha, akaridhika.

Hakuwa mtu mbaya. Viti hivyo vinne, pamoja na taa zake na mashine zake za kukatia jino, yeye ndiye aliyevihangaikia. Alipanda ngazi za ofisi nyingi mpaka soli za viatu zikaisha, akakaa kwenye mabenchi ya watu wadogo kuliko yeye na kuwaita waheshimiwa. Vilipofika, vilifika na agizo: visitumike kabla ya kufunguliwa rasmi. Chumba cha zamani cha meno kikafungwa siku ile ile, kikageuzwa stoo ya magodoro. Kiti chake cha zamani kikang'olewa sakafuni na kuachwa nyuma ya dobi, mpaka mlinzi alipokiona na kukiburuta hadi getini. Sasa alikikalia yeye, amejinyoosha, fimbo mapajani, akiwasalimia watu kama chifu.

Mgeni rasmi alikuwa ameahidi kuja, akapata safari. Akaahidi tena, akapata msiba. Akaahidi mara nyingine, bunge likaitishwa. Kila alipoahidi, utepe mwekundu ulifungwa kwenye mlango wa mbele, na kila alipopata udhuru ulifunguliwa, ukakunjwa, ukarudishwa kwenye kabati la katibu pamoja na mkasi wa sherehe na mto wake mdogo wa mahameli. Wagonjwa wa meno waliokuja waliambiwa neno moja. Mpaka utepe ukatwe.

Daktari wa meno wa kwanza hakungoja. Alimng'oa mwalimu mmoja jino kwenye kiti cha pili, jioni, watu wakiwa wametoka. Aliyekuta tone la damu kwenye sakafu alikuwa mganga mkuu. Daktari yule alihamishiwa kituo ambako, walisema, hata kiti cha kukalia yeye mwenyewe alikiazima shuleni. Aliyekuja badala yake alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyezungumza akitazama viatu vyake.

Na ni yeye, jana yake, aliyempeleka Mama Deki getini, akamwomba mlinzi ampishe, akamlaza kwenye kile kiti cha zamani juani na kumulika mdomo wake kwa taa ya simu.

"Tanua."

"Nimetanua."

"Ndiyo mwisho hapo?"

"Ndiyo mwisho."

Alichungulia kwa muda, akipinda shingo. Mlinzi naye alichungulia.

"Limelala," daktari alisema. "Hili halivutwi kwa koleo likatoka. Linatakiwa ufizi upasuliwe, jino likatwe vipande, litolewe kipande kimoja kimoja. Nahitaji taa, mashine, na bomba la kunyonya damu."

Wote watatu waligeuka kutazama jengo jipya. Ufunguo wa mlango wake wa nyuma ulikuwa shingoni mwa Mama Deki, kwenye kamba ya kiatu.

"Dawa za kumeza ulizopewa unameza?"

"Nasaga, nachanganya na maji, nanyonya kwa mrija."

Daktari alizima taa ya simu. Aliweka vidole viwili chini ya taya lake, akabonyeza. "Sikiliza, mama. Uvimbe bado uko hapa juu. Ukishuka shingoni, ukaanza kushindwa kumeza mate, usisubiri mtu. Umenielewa? Hiyo ni kwenda hospitali kubwa, saa hiyo hiyo."

"Na kazi?"

Daktari alitia simu mfukoni. Wasafishaji waliajiriwa na kampuni, si na hospitali. Asiyefika asubuhi alimkuta mwingine ameshika dekio lake, na hospitali kubwa ilikuwa safari ya siku nzima. Kuhusu zahanati za kulipia hawakuzungumza kabisa, kama watu wasivyozungumzia kununua ndege.

"Nitaongea na katibu," daktari alisema, akitazama viatu vyake.

*

Aliongea naye, na katibu akalipenda wazo. Mgeni rasmi angetaka kuona viti vikifanya kazi. Ingefaa awepo mgonjwa wa kwanza, na ingependeza zaidi akiwa mtumishi wa hapo hapo. Watu wa magazeti wangeandika kwamba hospitali haiwasahau wafanyakazi wake wa chini. Mama Deki angekaa kiti cha kwanza kushoto, mgeni angempa mkono, picha zingepigwa, na wageni wakishatoka, daktari angefanya kazi yake.

Kwa hiyo asubuhi hiyo, chini ya sare ya kampuni, alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu. Mama mkwe wake alikuja naye, mwanamke mwembamba aliyekuwa na chupa ya uji mkononi na hakuwa na jino hata moja kinywani. Aliketi kwenye benchi la nje pamoja na wagonjwa wengine waliokuwa wamesikia kwamba leo ndiyo leo. Kando yake alikaa fundi mwashi, kichwa kimefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, fundo juu kama masikio ya sungura.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nawe la mwisho?"

"La mwisho. Wanaliita jino la akili. Akili yenyewe inakuja nimeshaoa."

"Usinichekeshe. Mimi nikicheka natema."

"Wewe umemaliza mitihani yako yote, mama. Umeshapokea cheti." Alishika shavu lake, kumbe kicheko kilikuwa kimemuuma mwenyewe. "Sisi ndio bado tunarudia darasa."

Mama Deki alipotoka na ndoo, sare ameshaivua, katibu alimwona kwa mara ya kwanza kwenye mwanga wa nje. Alimtazama, akamzunguka upande wa pili, akamtazama tena.

"Daktari! Hebu njoo. Huyu mdomo haufunguki?"

"Ni misuli imekaza, bosi. Kwa sababu ya maumivu na usaha."

"Sasa mgeni akimwambia afungue mdomo, nini kitatokea?"

"Nikimpiga ganzi atafungua."

"Basi mpige. Mgeni yuko njiani, wamenipigia sasa hivi."

Daktari alisita. "Ganzi ina muda wake. Ningependa kuipiga nikiwa tayari kuanza."

"Utakuwa tayari. Si nimekwambia yuko njiani?"

Nailoni haikuruhusiwa kufunguliwa. Daktari alimpigia sindano kwenye kiti cha plastiki koridoni, mbele ya mlango wa nyuma, akiupitisha mkono kando ya shavu na kuisogeza sindano taratibu kwenye kile kitundu kidogo kati ya meno. Mama Deki alishika kingo za kiti. Alihesabu vigae vya ukutani, akasahau, akaanza upya. Kisha mdomo ukawa mzito, ukawa wa mtu mwingine, na sikio likanyamaza.

"Jaribu sasa. Pole pole."

Alijaribu. Taya lilishuka kidogo, likakwama, likashuka tena. Hewa baridi iliingia hadi kooni. Aliingiza vidole viwili, kimoja juu ya kingine, vikapita. Hakuwa amevipitisha hapo tangu gego lianze kusumbua, na alicheka, sauti ya ajabu isiyo na midomo, mate yakimdondoka kwenye gauni.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo uone!"

Mama mkwe alikuja mbio na chupa yake. "Alhamdulillahi. Kunywa uji, basi."

"Hapana, asinywe kitu," daktari alisema. Alikuwa amewasha taa ya simu, na kwa mara ya kwanza hakutazama viatu vyake. "Naliona. Naliona lote. Bosi, nusu saa tu. Mashine ninazo, vyombo viko mezani, vimechemshwa. Nusu saa, na kiti nitakifuta mwenyewe."

Katibu alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake. Hakukusudia, ndipo tu alipokuwa amesimama.

"Daktari. Ukianza, akaingia, atakuta nini?"

"Atakuta mgonjwa anatibiwa."

"Atakuta damu. Atakuta nailoni imefunguliwa kabla hajaifungua. Kisha mimi nitaulizwa ni nani alifungua jengo hili, na nitajibu kwamba ni wewe." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Mwenzako aliyekutangulia alikuwa na mke na watoto, kama wewe. Ngoja kidogo. Tumengoja muda wote huu, tutashindwa na hiki kidogo?"

Daktari alitazama viatu vyake.

Mama mkwe alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. "Mwanangu," alimwambia katibu, "samahani, mimi sikusoma. Hicho kiti kinamsubiri nani?"

"Bibi, kuna utaratibu."

"Utaratibu nao unaumwa jino?"

Mtu alicheka kwenye benchi. Katibu naye alitabasamu, kwa sababu wazee husamehewa, na akatoka kwenda kutazama barabara.

*

Mama Deki alikaa kwenye kiti cha plastiki, mdomo umeachama. Aliogopa kuufunga. Alihisi kwamba akiufunga tu, mwenye nyumba atarudi na kufunga mlango tena. Daktari alikaa kando yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, glavu mikononi, mikono imeinuliwa kidogo ili asiguse kitu. Kupitia mlango wa nyuma waliweza kuviona viti, na meza ya vyombo yenye kitambaa cha kijani, na taa kubwa yenye umbo la ua.

Walikaa hivyo. Simu ya katibu ililia huko nje; sauti yake ikasikika ikisema ndiyo mheshimiwa, ndiyo, bila shaka. Yuko njiani. Wapishi walipita na masufuria. Watoto wa shule waliopangwa kuimba walikaa chini kwenye kivuli, wakavua viatu. Simu ikalia tena. Yuko njiani.

Ganzi ilianza kuondoka kwenye mdomo wa chini. Kwanza vilikuja visisimko, kama mguu uliokaliwa. Baadaye alihisi ubaridi wa mate kwenye kidevu chake, akaupangusa kwa mgongo wa mkono. Alimgusa daktari begani.

"Inarudi."

"Najua."

"Nipige nyingine."

"Nikikupiga sasa, nayo itakwisha. Za kwako nimebakiza mbili tu. Nataka niwe nazo nikianza." Aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akatazama barabara, akarudi. Alikaa tena kwenye ndoo. "Ningeanza muda ule ningekuwa nimeshamaliza," alisema. Alisema kwa sauti ndogo sana, na Mama Deki hakujua kama alikuwa anaambiwa yeye.

Taya lilipanda kidogo kidogo. Aliweka kidole katikati ya meno kulizuia. Meno yalikiuma kile kidole, si kwa nguvu, ila bila kuacha, kama mlango unaosukumwa na upepo, mpaka akalazimika kukitoa.

Ndipo ving'ora viliposikika, na watoto wakaamshwa kuvaa viatu.

Katibu aliingia anatokwa jasho. Alimwinua Mama Deki kidevu kwa kidole kimoja. Mdomo wa chini ulikuwa bado umepinda upande, gauni lina madoa ya mate, na kwenye kona ya midomo palikuwa na mstari wa damu iliyokauka ya ile sindano.

"Huyu hapana," alisema. "Jamani, huyu hapana. Niitieni binti wa mapokezi."

Binti wa mapokezi alikuja akijifuta mikono. Alikuwa mrembo, na alipocheka meno yake yalikaa kwenye mstari kama askari.

"Kaa kiti cha kwanza kushoto. Akiingia, mpe mkono. Akikwambia fungua, fungua."

"Lakini mimi sina jino bovu, bosi."

"Ndiyo maana."

Aligeuka kumwambia Mama Deki, na hapo sauti yake ilikuwa karibu ya kuomba. "Wakitoka tu, ni wewe. Neno langu. Kaa hapa nyuma, usionekane."

*

Aliyeshuka kwenye gari hakuwa mgeni rasmi. Alikuwa mwakilishi wake, mtu mfupi mwenye hotuba ya mwenzake mfukoni. Aliisoma yote, pamoja na mahali palipoandikwa "mimi binafsi nilipokuwa mtoto niliumwa jino". Watoto waliimba. Mkasi ulitolewa kwenye mto wa mahameli, utepe ukakatwa katikati, watu wakapiga makofi. Fundi mwashi alipiga makofi kwa mkono mmoja, akijigonga paja, kwa sababu wa pili ulishika shavu. Mwakilishi alivuta nailoni ya kiti cha kwanza, akamwambia binti wa mapokezi afungue mdomo, akachungulia na kioo kidogo alichopewa, akatikisa kichwa kama aliyeona jambo. Picha zikapigwa.

Kisha chumba kikabaki kitupu, wageni wakaelekea kwenye turubai la chakula.

"Haraka," daktari alisema.

Mama Deki aliingia. Alivua kandambili mlangoni, kwa mazoea. Alipanda kwenye kiti ambacho alikijua kila mkunjo wake na ambacho hakuwa amewahi kukikalia, na kikampokea mgongo, kikamlaza. Hakujua kwamba kilikuwa laini hivyo. Daktari alimvalisha kitambaa cha kifuani, akawasha lile ua la taa, na mwanga ukamwagika mdomoni mwake. Alifumba macho. Alisikia sindano ikivuta dawa. Nje ya dirisha alimsikia mama mkwe akimwambia fundi: "Amekaa. Nakwambia amekaa."

"Daktari, simamisha."

Katibu alikuwa ameshika simu mbali na sikio, kama kitu cha moto.

"Bosi, nimeshaanza."

"Hujaanza. Simamisha. Mheshimiwa mwenyewe amepiga. Amekasirika. Anasema nani alimruhusu yule bwana akate utepe? Yeye alitumwa kusoma hotuba, si kukata. Bamba la ukutani lina jina la nani?" Aliielekeza simu ukutani, kwenye bamba. "Mheshimiwa anakuja kesho. Yeye mwenyewe. Anataka akute kila kitu kama kilivyokuwa."

"Lakini jengo limeshafunguliwa. Watu wote wameona."

"Halijafunguliwa." Katibu alikaa kwenye ukingo wa kiti cha pili, juu ya nailoni. Hakuna aliyewahi kumwona akikaa humo ndani. "Unadhani mimi napenda? Wewe unahama, unakwenda kwingine. Mimi viti hivi vikirudishwa, nitamwambia nani nini?" Halafu akasimama, akaiangalia nailoni aliyoikunja, akaisawazisha kwa kiganja. "Mama Deki, shuka taratibu. Na wewe daktari, njoo kwenye meza ya wageni. Yule bwana anauliza daktari yuko wapi. Akiondoka vibaya, atakwenda kusema."

Taa ilizimwa. Mama Deki alishuka. Pale alipolaza kichwa palikuwa na unyevu wa jasho lake, na kabla hajaambiwa alichukua kitambaa.

Dirishani, fundi mwashi alikuwa ameegemea vyuma, masikio yake ya sungura yamelegea. "Leo ndiyo leo," alisema taratibu, kwa yeyote. "Asemaye kesho..." Hakumalizia. Aliondoka akashika njia.

"Na huu utepe," katibu alisema akiwa mlangoni. Alikuwa ameshika vipande viwili, kimoja kila mkono. "Wewe ndiye unayeshona mashuka kule dobi, sivyo? Mwingine wa rangi hii haupatikani leo. Ushone. Mshono mdogo, usionekane kwa mbele. Uweke katikati kabisa, ndipo atakapokata."

*

Jua liliposhuka nyuma ya jengo la wazazi, msafara ulikuwa umeondoka. Daktari wa meno alikuwa ameondoka nao, amebanwa kiti cha nyuma kati ya watu wawili, kwenda kuwasindikiza hadi hotelini. Gari la wagonjwa lilikuwa limetangulia na king'ora chake. Daktari wa zamu alimwangalia Mama Deki akiwa amesimama koridoni, akampa sindano ya kupunguza maumivu na kusema yeye si wa meno. Gari likirudi watazame.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, utepe mapajani. Mama mkwe alishika ncha moja ili usijikunje. Alishona kwa uzi wa mashuka, ule mgumu, aliouchovya kwanza kwenye wino mwekundu wa ofisi ili ufanane. Mishono ilikuwa midogo kama chawa, yote kwa ndani. Kila baada ya mishono michache alisimama, akainama pembeni, akaacha mate yatoke kwenye kopo, kwa sababu hayakushuka tena kwa urahisi.

Mama mkwe alimwekea mkono shingoni. "Imeshuka."

"Kidogo."

"Si kidogo. Ngozi imekuwa gogo hapa. Na hii kamba inakubana." Alijaribu kupitisha kidole chini ya kamba ya ufunguo, hakikupita vizuri. "Vua."

"Katibu alisema isitoke mwilini."

"Vua, nimesema."

Aliivua. Ilikuwa imeacha mstari mwekundu, na chini ya mstari shingo ilikuwa ngumu na ya moto. Mama mkwe aliushika ufunguo kwenye kiganja, akautazama mlango, akautazama ufunguo. Ndani hapakuwa na wa kumtibu mtu. Aliuweka kwenye ngazi.

"Gari limechelewa," alisema.

"Litakuja."

"Ulimsikia vizuri yule kijana. Alisema ukishindwa mate usisubiri mtu."

"Kwa miguu nitafika wapi, mama?" Alivuta pumzi kwa pua. "Nimalize hiki kwanza. Nikikiacha hivi, kesho atashona mwingine, na dekio atashika huyo huyo."

Alipiga mshono wa mwisho, akafunga fundo, akalikaza. Kisha, kama alivyofanya kwa kila shuka alilowahi kushona, aliinua uzi mdomoni aukate.

Meno hayakuachana. Alijaribu ya mbele, akausukuma uzi kwenye upenyo mdogo uliobaki; uliteleza, ukatoka umelowa. Alijaribu upande wa kushoto. Hapo hata upenyo haukuwepo.

"Nipe mimi," mama mkwe alisema, akaupokea, akauweka kinywani. Alitafuna kwa ufizi kwa muda, macho yametazama mbali. Akautoa. Ulikuwa mzima.

Walitazamana. Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, bila sauti, mabega yakitikisika, na Mama Deki naye akatikisika, pumzi ikikwaruza puani, mpaka akalazimika kushika ukuta.

"Vuta ukatike."

"Nikivuta nafumua mshono."

"Kiberiti?"

"Utaungua."

"Mkasi uko wapi?"

"Kwenye kabati lake. Kafunga. Atafungua asubuhi."

Aliinuka, akaufunga utepe kwenye mlango, ncha hii na ncha ile, akausawazisha mpaka mshono ukakaa katikati kabisa. Hakuuona hata yeye alipourudia kwa macho. Sindano tu ndiyo iliyobaki. Ilining'inia kwenye uzi wake mwekundu ikizunguka taratibu, mara huku, mara huku, na nyuma yake, kwenye kioo kilichoanza kuingia giza, viti vinne vilionekana buluu ndani ya nailoni, bila alama ya kidole.

Alichukua kopo lake, akaketi tena kwenye ngazi, akasikiliza barabara.